Barua ya Wazi kwa Watafiti Vijana: Mtajeni Aliyelipa Kabla ya Kuulizwa

Wanangu,

Mwezi uliopita nilialikwa kusikiliza mawasilisho ya wanafunzi wa uzamivu, nikaondoka kabla ya chai, na baadhi yenu mmeuliza kama nilikuwa mgonjwa. Sikuumwa. Kijana mmoja, ambaye akili yake naijua tangu akiwa mwaka wa kwanza, alieleza kwamba hakuona uhusiano kati ya vinywaji vyenye sukari na unene wa watoto wa shule, na alipoulizwa ni nani aliyegharimia kazi ya uwandani, akajibu, "Wahisani." Ukumbi ukacheka, mwenyekiti akaita swali lingine. Baadaye nikaelezwa kuwa mhisani huyo hutengeneza vinywaji hivyo hivyo. Kicheko kile kiliniumiza kuliko jibu lenyewe, kwa kuwa kilinionyesha kwamba ukumbi mzima ulikwisha kuelewa.

Simwiti kijana yule mla rushwa. Mtu mwadilifu kabisa anaweza kujikuta katika mgongano wa maslahi, maana unaanza pale tu anapokuwa na cha kupata au cha kupoteza katika jibu analolitafuta. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wenu, kampuni moja ya viuatilifu ilinilipia safari na malazi ya mkutano, nami niliporudi maabara nikapima dawa yao. Hakuna aliyeniomba lolote. Ila nilipokuja kupitia daftari langu, niliona kwamba vipimo vilivyowaangusha nilivirudia mara mbili na mara tatu, nikidhani nimekosea, na vile vilivyowapendeza nilivipokea mara moja. Fedha ilikuwa imenichagulia mahali pa kutia shaka, na mimi sikuihisi ikifanya hivyo.

Ndiyo maana kisa cha Harvard hakinitoki moyoni. Mwaka 1965 taasisi ya wafanyabiashara wa sukari nchini Marekani, Sugar Research Foundation, iliwalipa watafiti wa chuo kile dola 6,500 waandike mapitio kuhusu sukari, mafuta na ugonjwa wa moyo. Taasisi hiyo ndiyo iliyoweka lengo, ikachangia makala za kupitiwa, na ikasoma rasimu kabla haijachapwa. Mapitio yalitoka mwaka 1967 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, yakipunguza uzito wa ushahidi dhidi ya sukari na kuyaelekezea mafuta lawama, bila kumtaja mlipaji. Barua walizoandikiana taasisi na watafiti hao zilianikwa mwaka 2016, waandishi wote wakiwa wamekwisha kufariki. Mmoja wao, Mark Hegsted, alikuwa mtaalamu mkubwa wa lishe, na huenda aliamini kila neno aliloliandika, lakini leo hakuna awezaye kulijua hilo, kwa sababu sentensi moja ya kumtaja mfadhili haikuandikwa. Mtasema jarida halikuwa likidai tamko la maslahi wakati ule. Ni kweli, lakini ninyi mnadaiwa tamko hilo, na bado mnaandika "wahisani"!

Wala hayo si ya sukari peke yake. Mapitio 106 kuhusu madhara ya moshi wa sigara kwa wasiovuta yalipochambuliwa mwaka 1998, 39 yalikuwa yamehitimisha kwamba moshi huo hauna madhara, na 29 kati ya hayo yaliandikwa na watu wenye uhusiano na viwanda vya tumbaku.

Mengine nayasema kwa ufupi, kwa kuwa mnayajua. Msitie saini mkataba unaompa mfadhili haki ya kuzuia uchapishaji. Tamkeni pia hisa na ajira za wenzi wenu, wala msihakiki mswada ambao matokeo yake yanawagusa mfukoni. Mwenye hisa katika dawa asiwaandikishe wagonjwa wa kuijaribu, na kamati ya maadili imwambie hivyo bila kumwonea haya.

Najua mtanijibu kwamba tumbo haliwezi kuishi kwa tamko. Umoja wa Afrika ulizitaka nchi zetu zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na nyingi hazijafika hapo. Chuo kinampa mwanafunzi barua ya utambulisho na kumwambia ajitafutie, kisha kinashangaa amempata nani. Aibu hiyo ni yetu wazee tuliokaa kwenye mabaraza ya vyuo, nami sijitoi. Hata hivyo, chukueni fedha hiyo ikibidi, mradi mfadhili asiguse maswali wala uchambuzi, na jina lake likae katika ukurasa wa kwanza.

Nawe mwanangu wa siku ile, tasnifu yako bado haijajalidiwa. Njoo nyumbani na daftari lako la uwandani, tukae tuangalie ni vipimo gani ulivirudia na vipi hukuvirudia, kisha tuliandike jina la kampuni hiyo pamoja.

Mwalimu wenu mstaafu