Umeme wa Trullo: Kwa Nini Nyumba Inazima Wakati wa Kupika

Kuanzia Julai, simu nyingi za wageni wa trulli zetu (wingi wa trullo, nyumba ya mawe yenye paa la pia) huingia saa mbili usiku: nyumba iko gizani, chakula kimekwama katikati. Tazama kwanza ng'ambo ya mizeituni. Taa za jirani zikiwa zinawaka, usililaumu shirika la umeme.

Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa kilowati 3, na trulli zetu za mashambani kati ya Locorotondo na Cisternino, mkoani Puglia, ni hivyo hivyo. Mita huvumilia hadi kilowati 3.3. Ukipita hapo kwa kiasi kikubwa, inakata baada ya dakika chache. Sasa piga hesabu: oveni hula kama kilowati 2, birika la umeme 2, mashine ya kufulia 2 inapopasha maji, kiyoyozi kama 1. Anayesahaulika ni hita ya maji ya bafuni, kilowati 1.2 hadi 1.5. Watu watano wakitoka baharini na kuoga, inajiwasha yenyewe kupasha tangi upya, na wakati huohuo kuku anaingia kwenye oveni.

Umeme ukizima, zima oveni, birika na kiyoyozi kabla ya kugusa swichi yoyote, la sivyo utakatika tena. Kisha fungua kisanduku cha swichi ndani ya nyumba. Zote zikiwa juu, nenda kwenye mita. Hiyo iko nje, ndani ya kijisanduku ukutani karibu na geti, kwa hiyo beba tochi. Inua swichi yake.

Iliyoanguka ikiwa ni ile ya ndani yenye kitufe kidogo cha herufi T, shida si mzigo. Kuna umeme unaovuja. Chomoa kila kitu, iinue, halafu chomeka kimoja kimoja. Kitakachoiangusha kiache, utupigie. Ikigoma kuinuka, usiilazimishe.

Maji yanatoka kwenye tangi la chini ya ardhi kwa pampu, hivyo umeme ukizima bomba nalo hukauka. Weka ndoo moja bafuni.

Kiyoyozi, kwa kweli, mchana huna haja nacho sana. Kuta za mawe ni nene mno: funga madirisha asubuhi, yafungue jua likizama.

Wanaotoka Kenya, Tanzania au Uingereza waje na adapta. Volti ni 230, zinafaa, ila plagi ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi ya Italia, yenye matundu matatu ya duara kwenye mstari mmoja.