Risala ya Wasukuma Mikokoteni na Kina Mama wa Vibandani kwa Mgeni wa Heshima Kuhusu Joto na Afya Zetu

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwenyekiti wa kikundi, wazee wa mtaa, ndugu wanachama na majirani mliohudhuria, asalamu alaikum na hamjambo nyote.

Kwa niaba ya wanachama wa kikundi chetu hapa Mombasa, tunakukaribisha katika siku yetu ya mwaka. Risala ya mwaka jana ilihusu mikopo. Mwaka huu nimeagizwa nizungumzie joto, na nakiri kwamba nilipoagizwa nilicheka kidogo, maana ni nani katika pwani hii asiyelijua joto? Nikakumbushwa yaliyompata mwenzetu mmoja mwezi wa Februari, nikaacha kucheka.

Mwenzetu huyo, ambaye ameniruhusu nikieleze kisa chake bila kumtaja jina, husukuma maji. Siku hiyo, mnamo saa saba mchana, mkokoteni wake ulikuwa umejaa mitungi ya lita 20, na tangu kikombe cha chai ya alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani, kwa kuwa maji yale ni ya kuuza na kila mtungi una mwenyewe. Alipofika kwenye vibanda vyetu alianza kuulizia njia anayoipita kila siku. Maneno yakawa hayashikani, akayumba, akaketi juani. Wako waliosema amelewa, na wako waliosema amepagawa. Mama mmoja muuza viazi karai alimgusa shingoni, akakuta mwili unachoma, na hakungoja shauri la mtu: aliwaamuru vijana wambebe mpaka kivulini, akafungua mtungi mmoja wa maji yale yale ya kuuza, akammwagia mwili mzima, kisha akampepea kwa kipepeo cha ukili anachochochea makaa, hadi tuktuk ilipopatikana. Hospitalini tuliambiwa kwamba kilichomwokoa ni yale maji na kile kipepeo. Mwenye mtungi alidai pesa yake, na kikundi kililipa.

Mheshimiwa, tangu siku hiyo tumejitahidi kuelewa kilichotokea. Mwili wa binadamu hutakiwa kubaki karibu na nyuzi 37. Ukifika 40 na akili ikaanza kuvurugika, huo si uchovu tena, bali ni hatari ya kifo, na kila dakika inayopita bila kupozwa inaongeza madhara. Kinga kubwa tuliyojaliwa ni jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka, na hapo ndipo hewa yetu ya bahari inapotuonea. Kaskazi inapolegea mnamo Machi na hewa ikatulia, unyevu huwa mwingi kiasi kwamba mtu hutiririka jasho, shati likamgandia mgongoni, naye akadhani anapoa, kumbe anapoteza maji na chumvi bure. Ndiyo maana nyuzi 32 za Mombasa zaweza kumlemea mchukuzi kuliko nyuzi nyingi zaidi za mahali pakavu, na ndiyo maana anayetazama kipimajoto peke yake hatatuelewa.

Yako madhara yasiyomwangusha mtu barabarani. Huko Nicaragua na El Salvador, vijana wakata miwa wasio na kisukari wala presha wamekuwa wakipatwa na ugonjwa wa figo, na watafiti wengi wanauhusisha na kazi nzito ya juani bila maji wala mapumziko ya kutosha. Hatudai kwamba ugonjwa huo umefika kwetu. Tunachosema ni kwamba tulipoelezwa namna wakata miwa wale wanavyofanya kazi, hapakuwa na mtu kati yetu aliyeona ugeni.

Kina mama wetu wana mzigo wa ziada. Hukaa mbele ya jiko la makaa tangu alfajiri hadi magharibi, joto la moto mbele na la mabati juu, na wengi wao hunywa maji kidogo kwa makusudi, kwa sababu choo kilicho karibu hulipiwa kila unapoingia na kibanda hakina wa kuachiwa. Mchana mkojo huwa na rangi ya chai ya mkandaa, na maradhi ya njia ya mkojo hayawaishi. Najua wapo watakaoona haya kusikia maneno haya hadharani, lakini nikiacha kukitaja choo nitakuwa sikusema kweli. Miongoni mwao wamo wajawazito, ambao joto kali huwaongezea hatari ya kujifungua kabla ya wakati, na wamo wazee wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, ambao hukaukiwa maji upesi zaidi.

Tena joto halishuki jua likizama. Chumba cha mabati kisicho na dari, watu watano ndani na dirisha limefungwa kwa hofu ya wezi na mbu, hubaki na fukuto hadi usiku wa manane, na mwili usiopoa usiku huamkia kazini ukiwa umechoka tayari. Joto la mwaka 2003 huko Ulaya liliua watu zaidi ya 70,000, wengi wao wazee, na usiku usiopoa ulikuwa sehemu kubwa ya balaa hilo. Wazee wetu wa Mji wa Kale walilijua jambo hili bila kusomea popote: walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakaziacha nyumba zikaribiane ili vichochoro vipate kivuli. Sisi tumerithi mabaraza ya kuzungumzia, kuta tumezikosa.

Kuna pia suala la Ramadhani. Mwaka 2014 na 2015 ilitukuta Juni na Julai, wakati wa kusi na ubaridi wake. Kwa kuwa kila mwaka hutangulia kwa siku kumi na moja hivi, mwaka 2024 na 2025 iliangukia Machi, na bado inarudi nyuma ndani ya kaskazi. Wanachama wetu hawataki kuacha kufunga wala kuacha kazi. Wanaomba wenye maghala wawaruhusu kupakua mizigo baada ya sala ya alfajiri na kumaliza kabla ya saa nne. Tumewaendea wawili, mmoja amekubali.

Yaliyobaki hayamo mikononi mwetu, Mheshimiwa. Tunaomba bomba moja la maji ya kunywa karibu na vibanda, choo kisicholipiwa na wafanyao kazi hapo, na mhudumu wa afya atakayetufundisha sote kuzitambua dalili zile ambazo siku ile tulizidhania ulevi. Miche ya mwarobaini na mikungu tumeinunua wenyewe, imo kwenye mifuko pale nyuma ya hema, na mashimo yamechimbwa. Barua ya maombi yetu, yenye sahihi za wanachama wote, imeambatishwa na risala hii.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi