RISALA YA UMOJA WA VIJANA KWA MGENI RASMI, SIKU YA HARAMBEE YA VYOMBO VYA MUZIKI

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Mchungaji na Mama Mchungaji, mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Wazee, kwaya zote, wageni wetu kutoka sharika jirani, washarika wote, Bwana Yesu asifiwe!

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, maana foleni ya barabara hii tunaijua, na tunajua pia kwamba mialiko ya harambee siku hizi ni mingi kuliko Jumapili zenyewe. Kuchagua kwako kuja kwetu ni heshima kubwa, karibu sana.

Mgeni rasmi, historia hatutaisoma yote kwa sababu ya muda. Kwa kifupi tu, mababu wa wengi wetu waliipokea Injili kule Kilimanjaro kwa wamisionari wa Leipzig waliofika 1893, KKKT yenyewe, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ikaundwa tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 ya Kilutheri yalipoungana, wazazi wetu wakashuka Dar kutafuta maisha, wakaanza kusalia kwenye uwanja wa mtu chini ya mwembe, wakajenga kanisa hili, na sisi tukazaliwa.

Mafanikio tunayo mengi. Tumepanda miti 40 kuzunguka eneo la kanisa na kadhaa inaendelea vizuri. Tumetembelea wagonjwa. Tulianzisha mradi wa kuku wa mayai ambao kwa sasa upo kwenye hatua ya kujipanga upya. Grupu letu la WhatsApp lina wanachama 212, na kwenye kikao cha Jumamosi huwa tunafika hata 25.

Hapo kwenye 212 na 25 ndipo tungependa mgeni rasmi akae na sisi kidogo.

Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7, na walio wengi ni watoto na vijana, sasa ukigeuka hapo ulipokaa uangalie mabenchi ya ibada ya kwanza utadhani sensa ilifanyika nchi nyingine. Sio kwamba watoto hawazaliwi hapa. Kila mwaka tunabariki darasa zima la kipaimara, miaka miwili wamekariri Katekisimo, siku ya siku mabinti wamevaa gauni jeupe, vijana suti, mahema yamefungwa, keki imekatwa, wajomba wamekuja na bahasha, na Jumapili inayofuata ukimtafuta mmoja tu humpati. Yaani kipaimara kwetu imekua ndio sherehe ya kuaga.

Wanaenda wapi? Wazee wetu wanasema dunia imewachukua. Wapo waliochukuliwa na dunia, hatukatai, kuna wenzetu Jumapili saa 1 asubuhi wapo kijiweni na bodaboda maana ndio saa ya abiria, na wengine wanahesabu mkeka wa kubeti wa jana umechanikia wapi. Ila wengi hawajamuacha Mungu kabisa mgeni rasmi, wamehama tu. Kijana anaenda sekondari ya bweni au chuo, anakuta fellowship, anajifunza kuomba kwa sauti na kusifu nusu saa nzima amesimama, akirudi likizo anataka asali hivyo hivyo na hapa nyumbani, anaambiwa hizo ni fujo za walokole na sisi tuna liturujia. Anakaa kimya mwezi mmoja, wa pili yupo upande wa pili wa barabara kule kwenye hema la walokole, au amebaki kitandani anamsikiliza nabii kwenye simu, sadaka anaituma huko huko.

Na tuseme ukweli, hii kitu itakuja kwenye hesabu. Mnada wa mavuno hapa jogoo wa elfu 25 ananunuliwa laki na nusu, na wanaonunua ni baba zetu wale wale. Bahasha za sadaka zenye namba ni zao, sisi wengi bado tunahesabiwa ndani ya namba ya mzazi. Hao baba zetu wakishastaafu wote wakarudi Machame na Marangu kulima migomba, ukarabati wa paa hili utalipwa na nani?

Sasa tunakuja kwenye hitaji letu, na ni moja tu.

Kinanda chetu noti tatu za katikati hazilii. Mpigaji kashazoea kuziruka, na kwaya ya vijana inapandishwa au kushushwa kufuata noti zilizobaki hai, ndio maana leo mmesikia sauti ya tatu wanahangaika, msiwalaumu. Spika tuliyonayo inakoroma. Drams hatuna kabisa, hizi mnazoziona mbele tumezikodi kule kule kwenye hema, na anayezikodisha ni kijana wetu, amebatizwa hapa, kipaimara kapata hapa, saivi ndio mpiga drams wao. Anatupunguzia bei kwa sababu ya undugu.

Kuna wazee wetu wapendwa wanaosema drams sio Ulutheri. Kwa heshima zote tunawakumbusha kuwa matarumbeta tunayoyapenda wote, na yanayotuzika wote, waliyaleta Wajerumani, hayakukutwa Kilimanjaro.

Proforma ya Kariakoo tunayo: kinanda, drams, miksa, spika mbili, gitaa la besi na ampu yake, maiki nne, jumla shilingi milioni 11.8. Vijana kwa kuosha magari na kuuza juisi na maandazi baada ya ibada tumeshafikisha milioni 2.15, hela ipo benki na taarifa ya akaunti ipo mezani kwa yeyote anayetaka kuiona.

Mgeni rasmi, hili ombi sio geni. Mwaka 2019 mgeni rasmi aliyesimama hapo hapo alituahidi kinanda kipya, vigelegele vikapigwa, akabebwa juu na picha zipo. Mwaka 2022 mwingine akasema spika niachieni mimi. Hatuwataji, ni watu wazima na tunawaheshimu, na kadi zao za ahadi tumezitunza vizuri kabisa kwenye faili. Tulipofuatilia, kila mmoja tuliambiwa yupo safarini, halafu yupo kwenye kikao, halafu simu ikawa inaita tu. Waliokua wanakisubiria kinanda cha 2019 ni darasa la kipaimara la mwaka ule, na humu ndani leo wamebaki wanne.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, leo kadi za ahadi hatujachapisha. Chochote utakachoguswa nacho, kiwe kidogo kiwe kikubwa, tunaomba kiguswe leo, na lipa namba imebandikwa kwenye kila nguzo. Na ukipata nafasi ya kuongea na wazee wetu wakati wa chakula, utusemee ile ibada ya vijana ya Jumapili saa 10 jioni, barua ipo mezani kwao tangu mwaka jana.

Tunakutakia baraka, wewe na familia yako na biashara zako.

Ni sisi watoto wako,
Umoja wa Vijana.

Mhazini wetu amekaa meza ya kulia na kitabu cha risiti, na drams zinatakiwa kurudishwa saa 9.