Mnaonunua trela Marekani, ulizeni uzito kabla ya bei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua wasomaji wengi wako huko nyumbani lakini sisi wa huku Marekani tunakusoma kila siku kwenye simu, na hili jambo linatugusa sisi na hata wazazi na ndugu wanaokuja kututembelea kiangazi wakajikuta wamepandishwa kwenye safari.

Siku hizi watu wetu wananunua sana hizi nyumba za magurudumu, zile trela za kulala ndani unazivuta na pikapu. Mimi niko Maryland na kazi yangu ni kuendesha semi, yale malori makubwa ya mizigo, kwahiyo mtu akinunua trela ananipigia mimi, kaka njoo uangalie. Na nafurahi kwa kweli, sipingi hata kidogo, familia ya watu sita hotelini ni vyumba viwili kila usiku na chakula cha kununua, kwenye trela mama anapika ugali wake watoto wanalala wanaona nyota. Kinachoniuma ni namna mtu anavyoachiwa aondoke. Jirani yangu mmoja juzi kati alipewa funguo, akazungushwa ndani ya trela kwa Kiingereza cha haraka haraka, akasaini makaratasi akaambiwa hongera, na hakuna mtu pale dukani aliyefungua mlango wa pikapu yake kuangalia inaweza kubeba nini. Alikuwa na watoto wanne wanamsubiri nyumbani waende nayo kisiwa cha Assateague kuona farasi wikiendi ileile.

Tuanze na uzito maana huo ndo unaoua. Muuzaji anakwambia pikapu yako inavuta paundi 9,000, trela hii ikiwa tupu ni 5,500, hamna shida. Kwenye namba hajadanganya, ila hiyo 5,500 ni trela isiyo na hata sufuria. Tafuta kibandiko cha trela yenyewe kilichoandikwa GVWR, yani uzito wa mwisho inaoruhusiwa ikiwa imejaa, piga hesabu na hiyo, manake maji peke yake galoni 40 ni kama paundi 330, hujaweka vyombo, vyakula, viti, baiskeli za watoto na yale mablanketi mazito ambayo hakuna Mswahili anasafiri bila kuyabeba.

Halafu fungua mlango wa dereva wa pikapu. Pale kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko kinasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi paundi kadhaa. Tuseme chako kimeandikwa 1,450. Trela iliyofika paundi 7,000 inatakiwa ilaze asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake juu ya mkia wa pikapu, yani 700 mpaka 1,050. Baba, mama na watoto watatu tuseme ni 650. Kwa ile hesabu ya chini kabisa tayari uko 1,350, na vyuma vyenyewe vya kuungia vile vya kusawazisha uzito vina kama paundi 80, umebakiwa na 20. Katoni moja ya soda umemaliza. Na hii ni pikapu ileile ambayo tangazo linasema inavuta 9,000, tena haijawekwa hata jiko la nyama nyuma.

Watu wakishaambiwa hivyo wanakimbilia kuhamishia mizigo nyuma ya trela ili mbele pawe pepesi, na hapo ndo wanaharibu kabisa, trela yenye mbele nyepesi inaanza kucheza kushoto kulia ukifika kwenye mteremko au semi ikikupita kwa kasi. Sisi wa malori tunaziona kila wiki kwenye barabara kuu ya I-81. Ikianza kucheza usikanyage breki ya pikapu kwa nguvu na usijaribu kuirekebisha na usukani, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ubaki katikati, halafu kwa mkono bonyeza kile kidude cha breki za trela kinachokaa karibu na usukani ili trela yenyewe ijivute nyuma inyooke. Kama pikapu yako haina hicho kidude usiondoke nayo dukani. Hata madereva wenzangu wa semi mnisikilize hapa, sisi tumezoea breki za upepo, hizi ni za umeme, zinawekwa nguvu kulingana na uzito uliobeba na lazima uzijaribu polepole kwenye maegesho kabla ya kuingia barabarani.

Kuna kamba nyembamba ya waya pembeni ya ile minyororo ya usalama inayounga trela na pikapu, wengi wanaona kama pambo. Ile trela ikichomoka ndo inavuta pini na breki za trela zinajifunga zenyewe, ila zinatumia betri ya trela, betri ikiwa imekufa ile kamba haina kazi. Na minyororo uipishanishe chini kama herufi X, ili ule mkono wa mbele wa trela ukidondoka udakwe usichimbe lami.

Hakuna sababu ya kukisia uzito. Kwenye vituo vikubwa vya malori kuna mizani ya kampuni inayoitwa CAT, unapanda na pikapu na trela, familia yote ndani, unapewa karatasi ya uzito wa kila ekseli, haifiki hata dola 20. Mizani ile si ya semi peke yake, mtu yeyote anapima. Ukiwa palepale angalia matairi ya trela, yana namba nne za tarehe, 2321 maana yake wiki ya 23 mwaka 2021. Trela inakaa sana imesimama, tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kwa macho kumbe mpira umeshazeeka, na mengi yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, sasa mtu anakimbiza 80 na watoto ndani ya pikapu anashangaa tairi limepasuka.

Haya umefika salama. Kwenye kempu za huku kuna hukapu, yani sehemu ya kuchomeka trela upate umeme, maji na bomba la maji machafu. Zingine zinatoa vyote vitatu, zingine umeme na maji tu, zingine hamna kitu. Usidhani mbuga kubwa lazima iwe navyo, kempu za ndani ya Shenandoah, ambayo ndo mbuga ya karibu na sisi wa Maryland na Virginia, hazina hukapu kabisa, na Yellowstone pamoja na ukubwa wake wote ni Fishing Bridge peke yake wanatoa vyote vitatu. Uliza kabla hujalipia.

Umeme ndo nataka watu wanisikilize. Trela nyingi za ukubwa wa kati ni za ampea 30 kwa volti 120, yani wati 3,600 basi. Eya kondishena ya juu ya paa inakula kama 1,500, maikrowevu nayo kiasi hicho, mtu akiwasha pasi au drai ya nywele breka inakatika, na sio kempu mbovu, ni hesabu tu. Zima kimoja ndo uwashe kingine. Trela kubwa ni za ampea 50, plagi yake ina miguu minne, inapata njia mbili za volti 120, jumla wati 12,000, ndo maana unaona jirani ana eya kondishena mbili na hakatikiwi.

Ukifika, zima kwanza breka kwenye kile kiboksi cha umeme, chomeka kifaa cha kupima na kulinda umeme, washa breka, subiri kikuambie volti ziko sawa na waya wa ethi upo, ndo uunge trela breka ikiwa imezimwa tena. Mchana wa joto kempu imejaa kila mtu kawasha baridi volti zinashuka, zikifika chini ya 104 hivi zima eya kondishena yako kabla kompresa haijaungua. Na siku ukishika kitasa cha mlango ukasikia kama sisimizi mkononi, hiyo ni shoti kwenye bodi ya trela, toa watoto mbali, zima breka pale kwenye kiboksi na waite wenyewe kempu.

Tena kuna hili la nyumbani, linanisumbua sana. Mtu anataka kuchomeka trela yake uani, anamuita rafiki anayejua umeme wa nyumba, rafiki anaiona ile plagi ya ampea 30 yenye miguu mitatu minene anafikiri ni ya mashine ya kukaushia nguo anaiwekea volti 240. Ile ya trela ni ya volti 120! Ukiwasha tu maikrowevu, televisheni, chaja ya betri, vyote vinakwenda kwa mpigo. Mwite fundi mwenye leseni, mwambie wazi kwa mdomo wako ni ya trela, volti 120, na upime kabla ya kuchomeka.

Maji ni rahisi zaidi. Tumia mpira mweupe au wa bluu uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, sio ule wa kijani wa bustani, na pale bombani funga kwanza kile kidude cha kupunguza presha kikae kama PSI 45 au 50 (kipimo cha presha), manake kempu zingine maji yanakuja na nguvu ya kufumua viungo vya trela na utakuta godoro linaelea.

Choo nacho watu wanaona aibu kuuliza wakati ni jambo la kawaida. Kuna tangi la choo na kuna tangi la maji ya kuoga na vyombo. Hata kama umeunga bomba la maji machafu muda wote, valvu ya tangi la choo iache imefungwa mpaka lijae angalau theluthi mbili, kwasababu ukiiacha wazi maji yanakimbia yenyewe na uchafu mzito unabaki unagandamana chini, baada ya muda hautoki tena. Kila ukitumia mwaga maji mengi, sisi tuliozoea kopo tuna afadhali hapa. Siku ya kumwaga vaa glavu, fungua la choo kwanza, likiisha funga, halafu fungua la maji ya sabuni lisafishe mpira. Ule mpira usiuweke karibu na wa maji ya kunywa, na usitumie mpira wa kunywea kusuuzia huko hata mara moja.

Kitu ambacho sitaki kukipita, ni jiko la mkaa. Wote tunapenda nyama choma na usiku wa Oktoba milimani ni baridi kweli. Tafadhali, tafadhali, msiingize jiko la mkaa ndani ya trela hata kama limebaki majivu mekundu tu, hata dirisha likiwa wazi. Ule mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unalala nayo huamki. Jenereta nayo ikae mbali na dirisha, moshi uelekee kwingine. King'ora cha hiyo gesi kinakuwemo kwenye trela ila kina tarehe ya kuisha imeandikwa nyuma, kwenye trela za mkononi, zilizoshatumika, mara nyingi imeshapita na mwenye kuuza hasemi, au betri imetolewa kwasababu kilikuwa kinapiga kelele. Kile kingine kilichoko chini karibu na sakafu ni cha gesi ya kupikia, ile ni nzito kuliko hewa inatulia chini, msikizibe na viatu.

Na mnaopita Baltimore, mahandaki ya chini ya maji, la I-95 na la I-895, hayaruhusu mtungi wa gesi unaozidi paundi 10, na mitungi ya trela ni 20 au 30. Zamani tulikuwa tunazungukia daraja la Francis Scott Key, tangu meli ilipoliangusha tarehe 26 Machi 2024 njia ni kuzunguka I-695 upande wa magharibi. Simu yako itakupeleka handakini bila kukuonya. Kwenye Skyline Drive, barabara ya ndani ya Shenandoah, pia kuna handaki la Mary's Rock, kimo chake futi 12 na inchi 8, pima trela yako kuanzia chini mpaka juu ya eya kondishena, andika namba kwenye karatasi ubandike mbele ya usukani.

Ombi langu kwa vyama vyetu vya Watanzania, Wakenya, Wakongo na wengine wa huku, kabla ya msimu kuanza mwezi wa tano tutengeni Jumamosi moja kwenye uwanja wa kanisa au msikiti, iletwe trela, watu waonyeshwe kuunga na kufungua, kwa Kiswahili, na kila mtu ashike kwa mkono wake. Kina mama nao waje wafundishwe kuvuta na kurudi nyuma, baba akiugua njiani huko West Virginia lazima awepo mwingine wa kuirudisha familia nyumbani. Na anayemuuzia mwenzake trela ya mkononi ampe na hiyo siku ya kumfundisha, iwe sehemu ya bei. Mimi ya kwangu nitaileta, na atakayekuja na pikapu yake tutakwenda naye mpaka kwenye mizani palepale.

Msomaji wako,
Dereva wa semi, Maryland, Marekani