Leseni mlitupa, pesa mkapokea, kisha mkatufungia jukwaa

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya haki za maigizo,

YAH: KUFUTIWA LESENI YA ONYESHO NA LUGHA YA OFISA WENU WA HAKI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha maigizo, na naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo sisi hatukuipata kwenu. Leseni yetu mnayo kwenye kumbukumbu, malipo ya mrabaha, yaani ya haki ya kuigiza kazi ya mwandishi, mliyapokea na risiti mkatoa, na masharti mliyaandika wenyewe. Sina haja ya kuwasomea.

Nianze na ile simu. Ofisa wenu alipiga tukiwa katikati ya mazoezi, waigizaji wamekaa sakafuni wakipitia tendo la pili. Mwongozaji wetu akaiweka simu kwenye spika akidhani ni jibu kuhusu bango, kwa kuwa tulikuwa tumewatumia mlikague kama mkataba unavyotaka, jina la mwandishi likiwa kwa ukubwa uleule mlioagiza. Tukasikia leseni imefutwa kuanzia muda ule, na kwamba tukithubutu kupanda jukwaani tutashtakiwa mmoja mmoja. Mwongozaji akauliza kosa letu ni lipi. Akajibiwa: "Sijasema mna kosa. Ninyi mnajifurahisha tu, sisi tuna biashara ya kulinda." Simu ikakatwa.

Sababu tuliipata baadaye, kwa barua pepe ya mistari miwili: kuna mtayarishaji mkubwa anayeleta tamthilia hiyohiyo kibiashara, na sisi tumo ndani ya "eneo lake la ulinzi". Naomba mnionyeshe eneo hilo liko ukurasa gani wa mkataba tuliosaini. Nimeusoma wote pamoja na viambatisho vyake. Unatukataza kubadili maneno ya mwandishi, kurekodi onyesho, kutoa nakala za mswada na kuongeza siku za maonyesho bila kuzilipia. Yote tumeyatii. Mnaruhusiwa kukataa maombi kabla ya kutoa leseni, hilo nalo tunalijua. Lakini leseni ilikwisha kutoka, na pesa zilikwisha kuingia kwenu.

Tena mtayarishaji huyo anafungua pazia sisi tukiwa tumeshamaliza onyesho letu la mwisho! Tunamnyang'anya nini? Aliyepania kwenda kuona waigizaji wa kulipwa na orkesta kamili hawezi kuahirisha kwa sababu alimwona seremala na mwalimu wa hesabu wakiigiza kwenye ukumbi wa shule. Wapenzi wengi wa tamthilia walianzia kwenye kumbi kama hizo, na ndio hao leo wanaonunua tiketi za bei mbaya za wateja wenu wakubwa.

Halafu kuna swali tulilowauliza kabla hata ya kulipa. Tuliuliza kwa maandishi kama kuna onyesho lolote la kibiashara linaloweza kutuzuia. Ofisi yenu ikajibu: "Hakuna kizuizi, endeleeni na malipo." Barua pepe hiyo tunayo.

Hatubishani na hakimiliki. Tangu Mkataba wa Berne wa 1886 kazi ya mwandishi wa tamthilia inalindwa kimataifa, na sisi ni wa kwanza kutaka alipwe. Ndiyo maana tulikuja kwenu tukalipa wakati tungeweza kuigiza kimyakimya kama wengine. Tunachokataa ni haki hiyo kugeuzwa rungu la mwenye pesa nyingi. Mnakumbuka yaliyotokea Marekani mwaka 2019, pale mawakili wa mtayarishaji Scott Rudin walipoviandikia vitisho vikundi vidogo vilivyokuwa na leseni halali ya kuigiza To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee iliyoandaliwa kwa jukwaa na Christopher Sergel, kisa toleo jipya la Aaron Sorkin, alilolitayarisha Rudin, lilikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York. Vikundi kadhaa vilifuta maonyesho. Kelele zilipozidi, Rudin akasema wanaweza kuigiza toleo la Sorkin. Na mwaka 2022 msuluhishi akampa ushindi mchapishaji aliyetoa zile leseni, na warithi wa Harper Lee wakaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 2.5. Kampuni ya haki za maigizo haiwezi kusema haijui habari hiyo.

Narudi kwenye simu, kwa sababu huduma kwa wateja wenu wameiita "mawasiliano yaliyoeleweka vibaya". Hayakueleweka vibaya. Chumba kizima kilisikia. Baada ya kutuambia tunajifurahisha tu, na kabla ya kukata, ofisa wenu alidai orodha ya majina ya waigizaji wote. Mwongozaji akamweleza kwamba wengine ni watoto. Akajibu, nanukuu: "Waandike na hao." Alikuwepo binti anayeigiza mtoto wa mwenye nyumba, mswada uko magotini, maneno yake yote kayapaka kalamu ya njano. Akaufunga. Akamuuliza mama yake, mbele yetu sote, kama polisi watakuja shuleni au nyumbani. Ofisa wenu alikuwa bado yuko hewani. Alimsikia mtoto, akacheka, ndipo akakata. Nimejaribu kuandika sehemu hii bila hasira na nimeshindwa. Huyo mtoto hajarudi mazoezini, na mama yake simlaumu.

Mmetuahidi kwamba mrabaha wetu "utahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye". Hatutaki uhifadhiwe. Tunataka leseni yetu irudishwe kama ilivyosainiwa, kwa tarehe zilezile. Kama hilo limeshindikana, mturudishie pesa yote taslimu, pamoja na kodi ya ukumbi tuliyokwisha kulipa, gharama za mabango na za mavazi yaliyoshonwa, na fedha za watazamaji waliokata tiketi mapema. Na kwa vyovyote vile tunataka barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na ofisa yuleyule, aandike wazi kwamba hakuna mtoto atakayeshtakiwa kwa kuigiza. Tutaisoma mbele ya kikundi chote, na nakala ataipata yule binti.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa mwezi mzima. Nimebadili nia. Mna siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, mkataba, risiti, ile barua pepe ya "hakuna kizuizi" na maelezo yaliyosainiwa na kila mtu mzima aliyekuwemo chumbani vitakwenda kwa mamlaka ya hakimiliki, kwa mamlaka ya ushindani wa biashara, kwa wakili na kwa waandishi wa habari. Na kila kikundi cha maigizo tunachokifahamu kitapewa nakala kabla hakijasaini chochote na ninyi. Vingine vimeshaanza kutuuliza.

Jibu lije na saini yako, Mkurugenzi. Ofisa yule asitupigie tena.

Katibu wa Kikundi

Nakala: Mwandishi wa tamthilia, kupitia wakala wake