Barua kwa shoga yangu anayeuguza

Jang'ombe, Unguja
14 Septemba 2025

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako niliipata juzi na nimeisoma mara mbili. Umeniandikia kwamba tangu shemeji apatwe na kiharusi hujalala usiku mmoja ukafika alfajiri, na kwamba hutaki mkono wa mtu mwingine umguse. Kwa la kwanza nakupa pole. La pili, niwie radhi, sitalinyamazia, kwa sababu nililisema mimi mwenyewe kwa miaka miwili nilipokuwa nikimuuguza marehemu mama.

Mama aliporuhusiwa hospitalini, ambayo sitaitaja, nilipewa bahasha ya dawa na tarehe ya kurudi, lakini hapana aliyenionyesha namna ya kumgeuza. Niliyojifunza niliyapata kwa kukosea: kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo vidonda vya kulalia huanza visiginoni, nyongani na juu ya makalio, kwamba maji na uji mwepesi humpalia upesi kuliko uji mzito, kwa hiyo hulishwa akiwa ameketi wima na huachwa ameketi kwa kiasi cha nusu saa baada ya kula. Katika mwaka wa pili, nikimvuta mama peke yangu ili nimpandishe kwenye mto, mgongo ulinikata, nikaanguka chini ubavuni mwa kitanda. Yeye alinitazama tu, hana sauti ya kumwita mtu. Tulikaa vivyo hivyo, wagonjwa wawili chumba kimoja, mpaka mwanangu aliporudi kutoka skuli.

Husemwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi chawa wa nyumba ile nilikuwa nikimvunja kwa kidole kimoja, na nikijisifu nacho.

Wala si kwamba nyumba ilikosa watu. Walikuja kumtazama mgonjwa kwa machungwa na maji ya matunda, wakakaa, nikawachemshia chai, wakaniombea malipo kwa Mungu, kisha wakaondoka wakaniachia vikombe vya kuosha. Hata mmoja hakuuliza mwenye kuuguza amelala saa ngapi. Siwalaumu sana, kwani kila waliponiuliza hali niliwajibu kwamba hatujambo na tunashukuru. Baada ya mgongo kunikata ndipo niliposema, wala sikusema "nisaidieni", neno ambalo kila mtu hulikubali na hapana anayejua aanzie wapi, bali nilimwambia wifi yangu: "Jumanne, baada ya adhuhuri mpaka magharibi, ni zamu yako." Akaja. Nilibandika ukutani karatasi yenye saa za dawa ya presha, saa za kugeuzwa na upande wa kulala, na nikamfundisha kumnyanyua mama kwa shuka, mmoja huku na mwingine kule, badala ya kumshika kwapani.

Jumanne ile ya kwanza niliteremka mpaka kituo cha daladala, nikarudi nyumbani mara mbili nikidhani nimesahau kitu. Mara ya tatu wifi alinifungia mlango. Nilikwenda kwa binamu yangu Bububu, na yeye alidhani nimekuja kuzungumza. Nililala juu ya mkeka ukumbini kwake saa tatu nzima, na nilipoamka alikuwa amenifunika kanga na kuwafukuza watoto uani. Mama, kwa upande wake, alikula vizuri zaidi siku ile kuliko siku nyingi nilizomlisha mimi. Nakiri kwamba jambo hilo liliniuma kidogo.

Kaka yangu wa Muscat alikuwa akituma fedha za dawa na kuona amemaliza. Nilimwomba sehemu ya fedha hizo iwe ujira wa mama mmoja wa mtaani atakayekesha na mama usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa, naye alikasirika, akasema kwamba mzazi haajiriwi mtu. Nilimwambia achague kati ya kulipa na kuja. Alilipa.

Binti wa mjomba wangu aliyeko Uingereza alinieleza kwamba kule sheria ya mwaka 2014 inampa mwenye kuuguza haki ya kutathminiwa yeye mwenyewe, aulizwe kama analala na kama anaweza kuendelea, na kwamba kuanzia Aprili 2024 mfanyakazi anayemtunza jamaa yake ana haki ya likizo ya wiki moja kwa mwaka, ingawa haina malipo. Ipo pia posho, kwa anayeuguza kwa saa 35 au zaidi kwa wiki. Tulicheka sana, kwa sababu mimi nikianza Jumamosi alfajiri, saa 35 nilizimaliza Jumapili alasiri. Kwetu, Pensheni Jamii iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi ni ya mzee mwenye miaka 70 na zaidi. Anayemgeuza mzee huyo usiku hatajwi popote. Nyumba za Sebleni na Welezo nazo ni kwa wazee wasio na wa kuwatazama, na ukithubutu kusema umechoka, mtu hukuuliza kama unataka kumpeleka mgonjwa wako huko, kana kwamba baina ya kutolala kabisa na kumtupa mtu hapana njia nyingine.

Najua la kwako ni zito kuliko langu, kwani mama niliweza kumwachia mwanamke yeyote wa ukoo, lakini shemeji ni mwanamume na unachunga sitara yake. Hata hivyo una watoto wawili wa kiume waliokwisha kuota ndevu, na ndugu zake watatu wako hapo hapo kwenu Wete, Pemba. Kumuogesha baba si aibu kwa mwana. Pengine wanangoja uwaambie, na wewe unangoja waombe.

Kwa hiyo nitakuja na boti Alhamisi ijayo, nikae siku kumi, pamoja na mwanangu, yule uliyemzoea mdogo, ambaye alimnyanyua bibi yake kwa shuka na anaijua kazi. Yeye na wanao watashika kuogesha na kugeuza, na mimi nitashika jiko na dawa. Niandikie dawa zote na saa zake kwenye karatasi kubwa, na utafute shuka moja nzito isiyochanika. Ijumaa utakaa nasi utuonyeshe. Jumamosi asubuhi unakwenda kwa dada yako Chake, na nimekwisha kumpigia simu akutandikie.

Wako,
Shoga yako wa dawati moja