Leo Mfunguo Mosi: salamu za skukuu kutoka Wete

Assalaam alaykum, jamaa zangu. Skukuu njema kwenu nyote, mlioko Pemba na Unguja, na mliotawanyika Mombasa, Maskati na huko kwenye baridi Uingereza. Mungu azipokee funga zetu. Na wale tuliofuturu nao mwaka jana ambao mwaka huu hatunao, Mungu awarehemu.

Jana magharibi tulikuwa pwani tunautafuta mwezi. Pwani yetu hapa Wete inatazama machweo, basi kila ikifika mwezi 29 Ramadhani watu huteremka, wengine na tende mkononi maana adhana itawakuta huko huko. Mawingu yalikuwa yametanda. Mzee mmoja akanyoosha bakora, "Ule pale!" Sote tukakodoa macho, hakuna aliyeuona ila yeye, na macho yake tunayajua. Tukacheka, tukarudi.

Nyumbani mambo yalikuwa nusunusu. Mke wangu kachagua mchele wa pilau, na chakula cha daku nacho kakiweka tayari, hajui kipi kitaliwa. Watoto wanaomba mwezi uwe umeandama. Fundi wetu wa nguo, ambaye kanzu ya mwanangu bado ilikuwa mezani kwake haina mikono, nadhani alikuwa anaomba usiandame. Mwezi mmoja, dua mbili zinagombana. Baada ya sala ya isha redio ikatangaza kuwa umeonekana, mtaa mzima ukapiga kelele, na hapo ndipo wale tuliojisahau tukaanza kukimbizana na pishi za zakatul-fitri.

Kwa hiyo leo ni Mfunguo Mosi. Sijui kama vijana bado wanaihesabu miezi hivi, lakini bibi yangu hakuwa na hesabu nyengine. Mwaka wa Kiislamu unaanza Muharram, wa serikali unaanza Januari, na wazee wetu wa pwani wakaamua kuanza kuhesabu siku mdomo unapofunguliwa. Mfunguo Tatu ni skukuu kubwa, Mfunguo Sita maulidi, mpaka Mfunguo Tisa, ndipo waje Rajabu, Shaabani na Ramadhani wenye majina yao. Miezi tisa kwa mwaka haitaji kitu isipokuwa tumefika wapi tangu tulipofunguliwa. Mtu anayeuhesabu mwaka wake namna hiyo ana jambo lake moyoni, nami ndilo ninalotaka kuzungumza nanyi leo: matumaini.

Katikati ya Ramadhani mwanangu aliniuliza swali tukiwa tunafuturu. "Baba, mwalimu kasema tamaa mbaya. Na kukata tamaa je, nako kwa nini kubaya?" Nilimwambia ale kwanza. Mie Kiswahili ndicho kinachonilisha, na jibu sikuwa nalo. Tuna kutumai, tuna kutaraji, tuna kutazamia, lakini siku mtu anapoanguka moyo, tunachosema kakikata ni tamaa, hiyo hiyo inayompeleka mwizi dukani usiku. Bado nalifikiria, na kila nikifikiria namuona marehemu baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa karafuu. Msimu mmoja aliona mikarafuu ya jirani imebeba, tumba zimejaa hadi matawi yanainama, akaikodi kwa fedha za kukopa. Wajuao wanajua: karafuu haingojewi ichanue. Huchumwa tumba bado limefumba, likishafunguka ua thamani imekwenda. Basi baba alichuma fumbo, na kichwani alishajenga nyumba ya mawe. Zikachambuliwa, makonyo yakatengwa, zikaanikwa kwenye majamvi. Kisha ikaja mvua isiyo na msimu wake. Tukawa tunaanika na kuanua, tunaanika na kuanua, mchana mara tatu mara nne, mpaka nyengine zikaharibika. Deni likabaki. Skukuu ile tulivaa nguo za mwaka wa nyuma, zimefuliwa na kupigwa pasi ya makaa, na mikono ya kanzu yangu ilikuwa inaishia karibu na kiwiko.

Ilikuwa tamaa ile au tumaini? Mama alisema tamaa, tena kwa sauti. Ila msimu uliofuata, mapema kabla hata tumba hazijajionesha vizuri, alimuona baba kasimama chini ya mkarafuu kakunja shingo anatazama juu, akacheka peke yake akasema, "Huyo kashaanza."

Mama alikuwa na kanga iliyoandikwa "Baada ya dhiki faraja". Nyumba gani ya Pemba haina? Nimeishi na maneno hayo miaka mingi bila kuyatilia shaka, mpaka nilipokuja kukaa vizuri na Sura ya 94. Aya ya 5 inasema maal usri yusra, na ya 6 inarudia. Neno lililopo pale ni maa, "pamoja na". Kanga inasema baada ya dhiki, aya inasema pamoja nayo. Msomi wa Kiarabu anaweza kunisahihisha, lakini kwangu tofauti hii si ndogo.

Kumbukeni Septemba 10, 2011. Siku kumi hivi baada ya skukuu kama hii, meli ya Spice Islander iliyokuwa inakuja Pemba ilizama mkondo wa Nungwi. Wengi tunamjua mtu. Nilikwenda kutoa pole katika nyumba zaidi ya moja, na neno "baada" halikuweza kutoka mdomoni. Baada gani, kwa mama ambaye hata kaburi la kulizuru hana? Nilichokiona katika nyumba zile ni wanawake wa mtaa wamejaa jikoni kwa watu, sufuria za majirani zinapokezana motoni, na mtoto mchanga wa mtu anapitishwa mapaja kwa mapaja, kila anayempokea anatulia kidogo. Dhiki haikuondoka. Vyote vilikuwa humo humo ndani.

Ndiyo maana huwatetea waandishi wetu ninapoambiwa hawana matumaini. Ni kweli, Said Ahmed Mohamed hakutupa majina ya kutia moyo: Utengano, Dunia Mti Mkavu, Asali Chungu. Lakini litazameni hilo la mwisho. Hakusema asali itakuja uchungu ukishapita. Na marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, katika shairi lake la Kimbunga, upepo unaangusha vikubwa na vinyonge vinasalimika. Hilo sisi tunalijua kwa karafuu, ingawa hatupendi kulisema mbele ya Waunguja. Kimbunga cha 1872 kiliilaza chini mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikaponea kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar ni zetu. Faraja yetu ilikuja pamoja na dhiki ya ndugu zetu. Sijui mtu aifurahie vipi habari kama hiyo.

Bibi yangu naye kila tukimwitikia, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea," alikuwa anatuitisha vitatu kwa mkupuo mmoja, na hatukuona tabu.

Basi nisiwachoshe, leo ni siku ya kula. Tambi zishaliwa, pilau liko motoni, halua ipo na kahawa ipo. Watoto wanataka kupelekwa Chake, viwanja vya Tibirinzi, na mkono wa Idi nilioutoa asubuhi naona hautoshi hata nauli ya kurudi. Mliokaribu piteni. Mliombali pigeni simu, lakini si mchana, mchana nitakuwa nimelala.

Fundi alileta kanzu saa kumi na moja na nusu alfajiri, macho mekundu. Mkono mmoja umeupita mwenziwe kama inchi mbili. Mwanangu kaukunja, kenda zake msikitini.